Kuketi na Mgonjwa: Uzingativu na Tiba Shirikishi katika Elimu ya Udaktari

Mhadhara wa umma wa kuingia katika kiti cha uprofesa, uliotolewa Kathiani, Kaunti ya Machakos

 

Mhadhara wa aina hii kwa kawaida hutolewa kampasi, mbele ya majoho, na profesa huutumia kuonyesha kwamba waliompandisha cheo hawakukosea. Niliomba wangu ufanyike hapa. Baadhi ya wenzangu walidhani ni mapenzi ya nyumbani. Yapo, siyakani. Lakini somo ninalofunza lina madai juu ya watu wanaopanga foleni ya presha na sukari Jumatatu asubuhi, na juu ya wazee wanaowatibu watu hao hao Jumanne jioni kwa mizizi na maganda. Madai ya namna hiyo yakitolewa mahali ambapo wenyewe hawapo, huwa rahisi mno kukubaliwa.

Somo lenyewe lina sehemu mbili. Uzingativu ni zoezi la kuiweka akili pale mwili ulipo: kuitazama pumzi inavyoingia, maumivu yanavyopanda na kushuka, hasira inavyojitokeza, bila kukimbilia kutoa hukumu. Tiba shirikishi ni jitihada ya kumtibu mtu kwa yale yote yenye ushahidi, yawe yametoka maabara, jikoni au porini, huku mtabibu mmoja akijua mgonjwa anameza nini, anachemsha nini na anaombewa wapi. Nimeyafunza mambo haya kwa watu watakaokuwa madaktari tangu enzi ambazo ratiba iliyaweka Ijumaa alasiri, saa ambayo mabasi ya kwenda mashambani huwa yameshajaa. Hoja yangu leo ni moja. Kumsikiliza mgonjwa kwa akili yote ni ustadi wa kitabibu kama ulivyo ustadi wa kushona jeraha. Unafundishika, unapimika, na katika sehemu hizi waliouhifadhi kwa muda mrefu zaidi hawakuwa watu wa vyuo vikuu.

Nianze na mwaka 1979. Mjini Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwanabiolojia aitwaye Jon Kabat-Zinn alifungua kliniki katika chuo cha udaktari cha jimbo hilo. Aliwaomba madaktari wamletee wagonjwa waliowashinda: wenye migongo isiyopona, wenye vichwa vinavyogonga mwaka mzima. Aliwafunza kuketi, kulala chali na kunyoosha viungo huku wakiyatazama maumivu yao badala ya kupigana nayo. Mwaka 1982 alichapisha matokeo ya wagonjwa 51 wa maumivu sugu, na wengi wao walikuwa wamepata nafuu. Kozi hiyo baadaye ilitulia katika muundo wa wiki nane ambao leo umeenea duniani. Mwaka huo huo wa 1979, Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI, ambayo baadaye ilianzisha kituo cha kuchunguza dawa za asili. Na mwaka mmoja tu nyuma yake, mkutano wa Alma-Ata ulikuwa umetangaza kwamba afya ya msingi itegemee madaktari, wauguzi, wakunga na wahudumu wa jamii, na pale wanapohitajika, waganga wa jadi pia. Tanzania ilikuwa imetangulia: kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974. Kwa hiyo mwanafunzi anayeniambia kwamba tiba shirikishi ni fasheni iliyobuniwa Arizona na Andrew Weil mwaka 1994 huwa namrudisha maktaba.

Mimi mwenyewe niliingilia mlango wa maumivu. Wanawake wa milima hii ya Iveti wamebeba maji, kuni na magunia ya kahawa mgongoni tangu utotoni. Wakifika hospitali, picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi cha kutosha kueleza wanachokisikia, nao hupewa sindano ya maumivu, wakarudi, wakapewa nyingine. Nilipokuwa daktari kijana nilifanya hivyo hivyo, kama kila mtu. Kilichonisumbua ni kwamba kila nilipopata muda wa kuuliza habari yote, tangu nani amefariki hadi nani analala na mtoto mgonjwa, dozi niliyohitaji kuandika ilipungua. Sikuwa na jina la jambo hilo, wala nafasi ya kuliweka katika faili.

Jina nililipata katika utafiti mmoja mkavu kabisa. Mwaka 1984, Howard Beckman na Richard Frankel walirekodi mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa nchini Marekani, wakapima muda ambao mgonjwa aliachwa aseme lililomleta kabla daktari hajamkatiza. Wastani ulikuwa sekunde 18. Utafiti wa mwaka 2018 ulipata sekunde 11. Na hao ni madaktari wa nchi tajiri. Uchambuzi wa nchi 67 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nchini Sweden daktari wa kawaida hukaa na mgonjwa zaidi ya dakika 22, na nchini Bangladesh sekunde 48 kwa jumla, salamu, ugonjwa na karatasi ya dawa.

Kwa hiyo zoezi la kwanza la kozi yangu halina pumzi wala kufumba macho. Mwanafunzi, kwa ridhaa ya mgonjwa, hurekodi mazungumzo yake mwenyewe, kisha huyasikiliza akiwa na saa mkononi na kuandika ni sekunde ngapi zilipita kabla hajaingilia. Hakuna mhadhara niliowahi kuutoa unaofanya kazi kama saa ile. Wengi huja wakidhani wao ni wasikivu. Kisha tunawaomba warudi wodini na kufanya jambo gumu ajabu: kunyamaza hadi mgonjwa amalize. Huogopa kwamba mgonjwa ataongea hadi jioni. Haongei. Kwa kawaida humaliza mapema kuliko walivyotarajia, na mara nyingi lililomleta hasa huja mwishoni, baada ya kikohozi na baada ya mgongo.

Sasa niulize swali lisilopendeza. Elimu yetu ya udaktari ilipotezaje jambo hili? Jibu jepesi ni foleni ndefu, nami nitalirudia. Lakini kuna jibu la zamani zaidi, na liko Mathari. Hospitali ile ya Nairobi ilianza mwaka 1910 kama makao ya watu walioitwa wendawazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipopewa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na akadai kwamba sonona ni nadra kwetu, kana kwamba huzuni inahitaji utu wa ndani ambao sisi hatukuwa nao. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maoni yake juu ya Mau Mau, ikiyatumia maradhi ya nafsi kueleza vita vya ardhi.

Angalieni namna kosa lile lilivyojengeka. Carothers aliwaona waliofikishwa Mathari, na waliofikishwa Mathari walikuwa wale waliovunja vitu, waliopigana, waliokamatwa na polisi. Mama aliyekaa kimya kijijini, asile, asilale, asiseme, hakuna aliyempakia gari kumpeleka Nairobi. Hakuhesabiwa, na kwa kuwa hakuhesabiwa ikaandikwa kwamba hayupo. Vizazi vya wauguzi na madaktari vikafunzwa kutouliza. Nasema haya kwa ukali kwa sababu bado nakutana na wanafunzi wa Kikenya, watoto wa kizazi cha intaneti, wanaoamini kwamba sonona ni ugonjwa wa watu wa mitaa ya kitajiri kama Runda na Karen.

Wakati maoni ya Carothers yakichapishwa, mwaka 1954, Thomas Lambo alikuwa anaanza kazi Aro, karibu na Abeokuta nchini Nigeria. Wagonjwa wake walilala vijijini pamoja na ndugu zao, mchana wakatibiwa hospitali, na waganga wa jadi wakashirikishwa. Swali lile lile la utabibu, katika himaya ile ile ya Uingereza, lilipata majibu mawili yasiyoonana hata kwa mbali. Sisi Kenya tulirithi jibu baya, na tukachelewa kulitupa.

Ukambani ulikuwa na lake la kusema. Mji wetu mkuu, Machakos, unaitwa kwa jina la Masaku, anayekumbukwa kama mtabiri. Simulizi zetu zinamtaja Syokimau, mwanamke mtabiri na mganga. Mũndũ mũe, mganga wetu, hakuwahi kuondoka. Mwaka 1987 mwanajiografia Charles Good alichapisha kitabu juu ya tiba za jadi nchini Kenya, akilinganisha Kilungu, iliyokuwa wakati ule sehemu ya Wilaya ya Machakos, na mtaa wa Mathare jijini Nairobi. Aliwakuta waganga kote kuwili, mjini na kijijini, wakifanya kazi kando ya zahanati, na wagonjwa wakitoka huku wakienda kule bila kuwauliza wenye vyeti.

Nimeketi na waganga kadhaa wa eneo hili wakiwa kazini, kwa ruhusa yao na ya wagonjwa wao. Mgonjwa haji peke yake. Huulizwa ametoka wapi, ameandamana na nani, nani amebaki nyumbani, amelalaje, ameota nini, deni liko wapi. Hakuna meza kati yao. Mganga hunyamaza kwa muda ambao mwanafunzi wangu angeona ni aibu. Jamaa waliokuja husikia yanayosemwa, na wengine huanza kusema wenyewe. Ukiyaandika haya kwa lugha ya kliniki, ni historia kamili ya mgonjwa pamoja na kikao cha familia, katika asubuhi moja.

Msinielewe kwamba nimekuja kumvika mganga koti jeupe. Kikao hicho hicho kinaweza kuishia kwa kumtaja jirani kuwa mchawi, na tuhuma za uchawi zimeua wazee nchini mwetu. Kinaweza kumchelewesha mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba hadi afe njiani. Sheria ya uchawi ya mwaka 1925 iliwatia katika kapu moja waganga na wachawi, jambo lililokuwa dhuluma. Lakini kuwasifu wote kwa jumla ni uvivu ule ule ukiwa umegeuzwa upande wa pili. Nikimpeleka mwanafunzi kwa mganga, namtuma akajifunze namna ya kuketi. Dawa tutaipima.

Walio karibu nasi wameshaonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianzisha Africa Mental Health Foundation mwaka 2004, na yeye pamoja na watafiti kama Victoria Mutiso na Christine Musyimi wamefanya kazi kubwa Makueni, kaunti iliyokuwa sehemu ya Machakos hadi 1992. Waliwafunza wauguzi, maafisa wa kliniki, wahudumu wa jamii, waganga wa jadi na waombaji wa kanisani kutambua sonona na magonjwa mengine ya akili, wakitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2016 walichapisha habari za mazungumzo ambamo waliwaketisha pamoja waganga, waombaji na watu wa hospitali. Kulikuwa na kutoaminiana kwa kila upande, na pia utayari wa kupelekeana wagonjwa. Napenda utafiti ule kwa sababu hauna ushujaa ndani yake. Watu wasioaminiana waliketi wakazungumza, na mtu akaandika.

Kuna kisa kimoja ninachokitumia darasani kuliko vyote, na nitakaa nacho kidogo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aitwaye Ambilikile Mwasapila alivuta umati kwa kugawa kikombe cha dawa aliyosema ameoteshwa na Mungu. Bei ilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Mnakumbuka. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, helikopta zikatua, na Wakenya walivuka mpaka kwa maelfu. Sidhani kuna ukoo katika ukumbi huu ambao haukuwa na mtu aliyekwenda au aliyechanga nauli. Mti uliochemshwa, mugariga, wataalamu wanauita Carissa, na ni ndugu wa kile kichaka chenye miiba na matunda meusi ambayo watoto wa hapa hula wakichunga mbuzi.

Madaktari wengi tuliitikia kwa kejeli, na wanasiasa wengi waliitikia kwa kupanda helikopta. Mimi huwataka wanafunzi waandike kurasa mbili. Katika wa kwanza waeleze mtu alipata nini Samunge ambacho hospitali haikumpa. Majibu mazuri huwa haya: waziri na utingo walikunywa kikombe kimoja kwa bei moja, hakuna aliyeulizwa kadi ya bima, mtoa dawa alimwangalia kila mtu, safari yenyewe ilikuwa sadaka, na jamaa walimsindikiza mgonjwa kama hawakuwahi kumsindikiza kliniki. Katika ukurasa wa pili waeleze nini kilitokea kwa virusi vya Ukimwi, kwa sukari na kwa saratani. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi wakiamini wamepona. Virusi havina imani wala dharau, vilirudi kuongezeka. Mzee Mwasapila alifariki mwaka 2021, na maswali ya ukurasa wa kwanza bado hayajajibiwa na wizara yoyote ya afya katika eneo hili. Mwanafunzi anayeandika ukurasa mmoja tu, wowote kati ya hizo mbili, haniridhishi.

Naona wachungaji waliomo ukumbini wananitazama, na ni haki yao. Tuzungumze juu ya shetani.

Nchi hii mwaka 1994 iliundiwa na rais tume ya kuchunguza ibada za shetani, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 1999. Mwaka 2023 tukafukua miili zaidi ya 400 Shakahola, ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hizo, profesa anayewaambia watoto wa watu wafumbe macho na kufuata pumzi ana mengi ya kueleza. Mzazi mmoja aliwahi kunifuata ofisini akiwa na Biblia mkononi, akanihoji vizuri kuliko jopo lolote la uprofesa. Aliuliza zoezi hili limetoka wapi, na kama limetoka kwa Wabudha, kwa nini silisemi. Alikuwa na haki. Tangu hapo siku ya kwanza ya kozi nasema wazi: mbinu hizi zilitokana na mila za Kibudha na yoga, zikaletwa hospitalini kama mazoezi ya mwili na akili, na hakuna anayelazimishwa. Ambaye angependa kuituliza akili kwa zaburi afanye hivyo, na wanafunzi wangu kutoka Pwani wanaijua dhikri kuliko ninavyoijua mimi.

Kwa vitendo, karibu kila kitu tunakifanya macho yakiwa wazi. Unaponawa mikono kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, nawa kweli: sikia maji, sikia sabuni, mwache yule uliyetoka kwake. Ukishika kitasa cha mlango wa wodi, simama pumzi moja kabla ya kuusukuma. Ukiwa umekasirishwa na mkubwa wako, tambua hasira iko wapi mwilini kabla hujaibeba hadi kwa mtoto anayesubiri sindano. Kunawa mikono kuna faida ya pili ambayo kamati ya kuzuia maambukizi iliifurahia kuliko mimi nilivyotarajia, na sikujitahidi kuwaeleza kwamba lengo langu lilikuwa jingine.

Ushahidi? Upo, na una mipaka, na mwalimu asiyetaja mipaka anauza dawa. Mwaka 2009, jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya programu ya Rochester, New York, ambako Michael Krasner na Ronald Epstein waliwafunza uzingativu madaktari 70 wa huduma za msingi. Uchovu wa kazi ulipungua na moyo wa kuwahurumia wagonjwa ukapanda, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2014 uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500 ulipata nafuu ya wastani katika wasiwasi, sonona na maumivu, lakini hapakuonekana kwamba kutafakari kunashinda dawa au mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 jaribio kubwa katika shule za Uingereza, lenye wanafunzi zaidi ya 8,000, halikuonyesha faida kwa vijana. Huku kwetu, jaribio la Shamiri lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusisha vijana 413 wa shule za Nairobi na Kiambu. Vikao vinne vilivyoongozwa na vijana wenzao waliomaliza sekondari, juu ya kukua, shukrani na maadili ya mtu, vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi. Kwa macho yangu, jaribio la Shamiri lina mengi ya kutufunza kuliko lile la Uingereza, na si kwa sababu ni letu. Lilianza na mambo ambayo kijana wa Kenya tayari anayazungumza na wenzake.

Ndiyo maana sitaki kuleta Kathiani wiki nane za Worcester kama zilivyo, na mikeka yake na kanda za sauti. Hapa kuna mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi. Wanawake wa milima hii walichimba matuta ya fanya juu kwa vikundi hivyo hadi watafiti wa kigeni wakaja kuandika jinsi Machakos ilivyoongeza watu na kupunguza mmomonyoko. Kikundi kinachokutana kila wiki, chenye sheria zake, chenye faini ya kuchelewa, kimeshafanya nusu ya kazi ya tiba. Huko Rakai na Masaka nchini Uganda, katika vijiji 30, jaribio lililochapishwa mwaka 2003 lilionyesha kwamba tiba ya sonona kwa vikundi vya kijiji, ikiongozwa na watu wa hapo hapo waliofunzwa, inafanya kazi vizuri sana. Hakuna aliyehitaji mkeka.

Nilisema nitarudi kwenye foleni, na kwa wanaoihudumia. Kuanzia Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma walisusia kazi siku 100 wakidai mkataba uliotiwa saini mwaka 2013, na viongozi wao wakafungwa jela Februari. Wauguzi walifuata. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena, siku 56. Katika miaka hiyo hiyo mialiko yangu iliongezeka: njoo utufunzie ustahimilivu, profesa, wafanyakazi wamechoka. Niliwahi kufika mahali ambapo mishahara ilikuwa haijalipwa kwa muda, dawa hazipo, nami nimepewa projekta na chai ili niwafunze kupumua. Uzingativu ukitumiwa hivyo unakuwa njia ya bei nafuu ya kumhamishia mfanyakazi lawama ya mwajiri. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima usiku hana upungufu wa pumzi. Ana upungufu wa wauguzi. Siku hizi kabla ya kukubali mwaliko huuliza mambo mawili, mishahara ya mwezi uliopita imelipwa au la, na muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wangapi. Mialiko imepungua.

Nawaomba wakuu wa kaunti walioko hapa wasilichukue hilo kama dhihaka. Umakini kwa mgonjwa una gharama inayohesabika kwa watu na dakika. Ushahidi uko jirani kabisa. Miaka ya 1970, katika Mradi wa Machakos, watafiti wa Kenya na Uholanzi waliwafuata maelfu ya watu wa Matungulu na Mbiuni, wakipita nyumba kwa nyumba mara kwa mara kuandika nani amezaliwa, nani anakohoa, nani amekufa. Matokeo yalitoka kama kitabu mwaka 1984. Wenzangu wa takwimu wanakikumbuka kwa surua na kifaduro. Mimi nakikumbuka kwa wale waliopita na madaftari, wakibisha hodi mlango ule ule, wakijua jina la mtoto. Huo ulikuwa uzingativu wa jamii nzima, na ulilipiwa mshahara. Mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Kama watalipwa kwa wakati na kupewa muda wa kuketi, badala ya kujaza fomu kwenye simu tu, kozi yangu ina wanafunzi wengi zaidi nje ya chuo kuliko ndani.

Nimalizie na jambo ambalo halijaamuliwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya jadi na tiba mbadala, na inataka isimamiwe. Chuo Kikuu cha Moi, tangu kilipoanza kufunza udaktari Eldoret, kimewapeleka wanafunzi katika jamii kama sehemu ya masomo yao. Nikiyajumlisha mawili hayo, nimependekeza kwamba kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa nne akae muda fulani na mganga aliyesajiliwa, akiandika jinsi anavyoona mgonjwa akipokelewa, na kwamba mganga huyo naye apate siku zake wodini, hasa wodi ya wazazi na ya watoto, ajue dalili zipi hazingoji.

Seneti imeniuliza nani atatoa alama. Ni swali la maana, kwa kuwa mtu asiye na shahada hawezi, kwa kanuni zilizopo, kumfelisha mwanafunzi wa chuo kikuu, na mtahini asiyeweza kumfelisha mtu si mtahini. Waganga niliowashauri wao wana swali jingine. Mmoja wao, mzee aliyekaa safu ya pili pale na ambaye sitamtaja, aliniuliza kwa nini nimletee kijana kwa wiki chache wakati yeye alimfuata mjomba wake miaka kabla hajaruhusiwa kumgusa mgonjwa, na kama kijana huyo akikosea, jina litakaloharibika kijijini ni la chuo au lake. Sikuwa na jibu, na sheria ya 2017 haina pia.

Nakala za pendekezo ziko kwenye meza karibu na mlango, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Kamati ya mtaala inakutana muhula ujao, na kuna viti viwili vya watu wa Kathiani ambavyo bado havijajazwa. Mmoja napenda awe mkunga. Naibu wa Chansela ameniruhusu tuchukue maswali, nami nimeomba safu za mbele zinyamaze kwanza, waanze walioketi nyuma.